Mbao Ndefu za Wageni

Maitu,

Nje wanamenya viazi vya mukimo, na shangazi zako wanacheka kwa sauti ambayo boma hili halijaisikia siku nyingi. Viti vyote vya sebuleni vimepelekwa kwenye hema ili wazee wa upande wa Njoroge wapate pa kukaa kesho. Nimetafuta kiti nikakosa. Nimeingia chumbani kwako, nikaketi sakafuni, mgongo ukutani, na wewe bado uko Juja unasukwa nywele. Mwanga wa dirishani unanitosha. Ukiisha, nitakoma.

Sitakuandikia habari za kuishi na mume. Mama yako na shangazi zako wamekushika tangu wiki ilipoanza, na nimesikia mengine kupitia ukutani ambayo ningependa kuyasahau. Kuhusu ndoa mimi mwenyewe bado ni mwanafunzi, na mwalimu wangu ni mkali. Wala sitalia kwamba unaenda mbali. Kutoka hapa Witeithie hadi Membley si safari. Nimefanya kazi huko miaka mingi, naenda asubuhi na kurudi kwa chai ya jioni. Lakini mtu haondoki nyumbani kwa kilomita. Anaondoka siku kitanda chake kinapobaki kimetandikwa na hakuna wa kukivuruga.

Nataka kuongea juu ya mbao. Najua unasema, haiya, mzee ameanza tena. Nivumilie leo, kesho utakuwa na wa kukutetea.

Nimekuita Maitu, yaani mama yangu, tangu ulipozaliwa kwa sababu ulipewa jina la mama yangu, na kwetu aliyebeba jina la mama yako ni mama yako. Watu wakitusikia hudhani ni utani wa baba na binti. Kwangu haukuwa utani. Mungu alitupatia wewe kisha akanyamaza, na huyo mmoja aliyetupatia akaja na macho ya mama yangu kabisa. Nimekuogopa kidogo tangu ukiwa wa kubebwa mgongoni. Karibu kila nilipotaka kukugombeza nilimwona cucu, bibi yako, amesimama mlangoni na mwiko, na maneno yakanirudi kooni. Jumamosi iliyopita pale Thika ulinitazama kwa jicho hilohilo, mbele za watu, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Unakumbuka ilivyokuwa. Nyumba yenu ya Membley ina simiti tupu, na mlikuwa mmeniomba niwasindikize yadi kuchagua mbao za sakafu. Yule mama muuzaji alitufungulia mafungu mawili. La kwanza mbao zote zilikuwa za urefu mmoja, ndefu kunishinda mimi, nyekundu, hazina doa. La pili lilikuwa mchanganyiko, ndefu na za kati na nyingine hazinifiki kiunoni. Uliinama ukazipapasa zile ndefu. Niliuona uso wako nikajua zimeshakupata. Ningengoja tutoke nje, tukanywe chai, nikwambie polepole. Lakini nimezoea kuamrisha watu kwenye kazi, na mdomo wangu ulifunguka kabla sijaushika.

“Hizo hapana. Chukua hizi mchanganyiko.”

“Baba, si nishasema nataka hizi?”

“Utakuja kujuta. Mimi ndio fundi hapa, najua.”

Njoroge, kijana wa watu, akajaribu kutuokoa. “Ama twende tufikirie kwanza, mzee. Si lazima leo.”

Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi. “Baba, nimelala juu ya vipande maisha yangu yote. Kwa nyumba yangu nataka mbao nzima.”

Muuzaji alikumbuka simu aliyotakiwa kupiga, akatoka. Njoroge akaanza kusoma bei ya misumari. Nami nikasimama pale na mikono yangu hii.

Tukarudi nyumbani redio ikiongea peke yake. Na tangu hapo umekuwa na adabu. Ndio Baba. Sawa Baba. Chai iko mezani Baba. Ningependa ungenirushia hata sahani. Halafu juzi mama yako akaniambia, akikunja nguo na bila kuniangalia, kwamba wewe na Njoroge mmepata fundi mwingine wa kutandika hiyo sakafu. “Wangui anasema baba yake amechoka. Anataka upumzike.”

Ni kweli nimechoka, Maitu. Magoti yangu yanalia nikipanda kitanda. Nikiinama kupiga msumari, kuinuka ni mkutano wa kamati. Lakini pumziko hilo sikuliomba, na najua lilitoka kinywani mwako kwa nini. Hutaki mikono yangu kwenye sakafu yako. Hilo limeniuma kuliko magoti.

Kwa hivyo nisikilize habari za sakafu mbili za nyumba hii, kwa maana umeishi juu yake na huzijui.

Nilipojenga hapa nilikuwa kijana, fundi wa kubeba vifaa vya fundi mwingine. Nilijua kupiga randa na kupiga msumari, basi. Babu yako wa Ngoliba, baba ya mama yako, alikuwa amesema wazi kwamba hatakanyaga kwangu mpaka nimtoe binti yake kwenye vumbi. Maneno hayo yaliniwasha. Huko kwao Ngoliba ni vumbi mwaka mzima, lakini mkwe akisema, amesema. Nikanunua Thika shehena moja ya mbao za sakafu, zile zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, urefu wowote uliokuwepo. Nikazimwaga uani. Kisha nikafanya jambo ambalo nadhani kila mtu wa huku angelifanya, kwa sababu wewe unatujua, kikombe kizuri ni cha mgeni na kilichovunjika mkono ni cha mtoto. Nikazichambua. Ndefu zote safi, zilizolingana urefu, za sebuleni. Fupi zote, za kati, pamoja na ndefu chache zenye fundo au ufa ambazo niliona haya kuziweka mbele ya mkwe, nikazitupa upande wa chumba chako.

Hapo ndipo unaposema nilikupa vipande. Ndiyo. Ningeweza kukudanganya usiku wa kuamkia harusi yako kwamba nilikuchagulia. Sikukuchagulia. Nilikupa yaliyobaki, na sikufikiri mara mbili.

Sebuleni nilifanya kazi kama naandaa madhabahu. Tulikuwa tumelaza fito juu ya simiti, na mbao zinapigiliwa juu ya fito. Nikapima chumba nikakuta mbao mbili ndefu, moja mbele ya nyingine, zinakitosha chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Nilifurahi mpaka nikamwita mama yako aje aone. Sitakata hata ubao mmoja! Na kwa kweli nilizionea huruma kuzikata. Ubao mrefu safi ulikuwa kwangu kama ng'ombe wa maziwa, nani anachinja ng'ombe wa maziwa? Nikaweka mstari wa kwanza, mbao mbili. Wa pili, mbao mbili. Hivyo hivyo hadi dirishani. Maungio yote yakakutana katikati ya chumba, yakajipanga mstari mmoja ulionyooka, na ufito mmoja maskini huko chini ndio uliobeba misumari yote ya sebule nzima.

Siku ile ilipendeza. Babu yako alikuja, akavua kofia, akaomba maji, akaongea juu ya mbuzi wake na ukame mpaka jua likapinda. Hakutazama chini hata mara moja. Nilikuwa nimejivunja mgongo kwa mtu ambaye alitaka tu kumwona binti yake.

Mvua ndefu moja na kiangazi kimoja vilitosha. Ule ufito ulipasuka kwa wingi wa misumari. Mstari wa katikati ukafunguka, ukaanza kuzama ukikanyagwa. Na fundi mzima, badala ya kung'oa na kurudia, nikaona aibu majirani wasikie nyundo wakauliza. Mama yako akaleta ile kapeti ya maua mekundu. Tukafunika. Ndiyo maana hukuruhusiwa kurukaruka sebuleni. Ndiyo maana meza ya katikati haikusogezwa hata siku ya kupaka rangi.

Ulikuwa mdogo, hujaanza shule, shanga ya nywele zako ilipobingirika chini ya kapeti. Mchungaji alikuwa hapa anakunywa chai. Ukainua kona, ukaingia chini mpaka kiunoni, kisha ukatoka na kidole chako kimejaa vumbi la ule ufa. “Baba, mbona nyumba imekatika?” Uliuliza kwa upole, ulitaka kujua tu. Mimi nikakukaripia mbele ya mchungaji nikakuambia uende chumbani kwako. Ulienda. Hukuuliza tena, wala hukuinua tena ile kona. Nafikiri siku hiyo ulijifunza jambo ambalo sikukusudia kukufundisha, kwamba mbao ndefu ni za watu wa heshima, na wewe mahali pako ni kwenye vipande.

Sasa chumba chako. Nilikitandika mwisho, nimechoka, sina mtu wa kumwonyesha. Niliingiza mkono kwenye lundo nikachukua chochote kilichokuja. Ndefu yenye fundo, fupi, ya kati, fupi tena. Kipande kilichobaki mwisho wa mstari mmoja nikakianzishia mstari unaofuata, kwa uvivu tu, nisiende uani tena. Sikupima. Maungio yakaangukia popote, hakuna mawili yaliyokaribiana. Kazi ya mchana mmoja. Nikafunga mlango nikaisahau.

Ulipoenda chuo nilikuja kupaka rangi humu. Nikasogeza kitanda chako, brashi ikaanguka, nikapiga magoti kuiokota. Maitu, nilikaa chini. Nilikuwa tayari nimetandika sakafu nyingi za watu, zingine nzuri, zingine za kulaumiwa, na sikuwa nimeona iliyokaza namna hii. Nilijaribu kuingiza ukucha kwenye maungio, ukucha ukakataa. Ulikuwa umeruka hapa, umesukuma kitanda, umemwaga maji, umelia hapa, na haikufunguka hata mahali pamoja. Nilitoka nikaenda sebuleni, nikasimama juu ya kapeti, nikausikia ule mstari unazama chini ya mguu wangu.

Toka siku hiyo sijachambua mbao. Sakafu zote nilizotandika Membley, zile ambazo wenyewe wanawaita wageni waje kuziona, nimezinakili kutoka chini ya kitanda chako. Nikifika kwenye kazi nafungua mafungu matatu au manne kwa pamoja, nachanganya, nazitawanya chumbani kabla ya kupiga msumari wa kwanza, nasimama mlangoni natazama. Wenye nyumba huuliza nilisomea wapi. Nimekuwa nikijibu Thika. Sikuwahi kujibu ukweli, na mbaya zaidi, sikuwahi kukuambia wewe.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ili nikuambie ya chumba chako ningelazimika kuinua kapeti.

Nakuandikia haya sasa kwa vile Jumatatu baada ya harusi mtaenda kulipia mbao, na sitakuwepo kuharibu. Ukifika pale usitazame zilizo juu. Kila muuzaji huweka nzuri juu na nje ya fungu, hata mimi ningefanya hivyo. Mwambie akufungulie lingine la katikati, uone fupi kabisa ni ipi na zimejaa kiasi gani. Mafungu ya bei rahisi sana huwa na fupi tupu, na hayo pia uyaache, sakafu inakuwa viraka. Unataka kila urefu, ndefu ziwe nyingi kidogo, fupi ziwepo za kutosha kutenganisha maungio. Ile korido yenu nyembamba ipe ndefu zaidi. Na nunua zote siku moja, usije ukarudi baadaye ukakuta rangi imebadilika.

Lakini kama bado moyo wako uko kwa zile za urefu mmoja, zinunue, Maitu. Ni nyumba yako. Ulisema kweli na ulikuwa na haki ya kuisema hata mbele ya muuzaji. Ujue tu jambo moja ambalo mimi nililipa sebule nzima kulijifunza. Hata ukinunua nzima tupu, fundi atakayezitandika itabidi akate. Mstari wa pili lazima uanze na ubao uliokatwa, na wa nne, na wa sita, la sivyo utapata mstari wangu. Fundi wako asipotaka kuzikata kwa sababu ni nzuri mno, mfukuze. Ni kijana kama nilivyokuwa.

Na ukitaka mzee wa kuzikata, niko. Sikuombi kazi. Nakuomba ruhusa ya kuingia nyumbani kwako nikiwa na msumeno, mara moja, nipige magoti haya haya yanayolia, nifanye kwa macho wazi kile nilichokufanyia nikiwa nimefumba. Nitachukua muda. Nitahitaji mto wa magoti na chai nyingi. Ukikataa nitaelewa, na nitakuja kama mgeni, nitakaa nitakapoonyeshwa.

Mwanga unaisha. Nimebakiwa na jambo moja nililolifanya mchana huu, na afadhali ulisikie kutoka kwangu kabla mama yako hajakupokea langoni.

Viti vilipotolewa sebuleni ilibaki kapeti peke yake. Nikasimama nikaitazama. Kisha nikashika ile kona uliyoinua wewe, nikaikunja yote hadi ukutani, nikaiburura nje nikaiweka nyuma ya tangi la maji. Ule mstari uko pale wazi, kutoka ukutani hadi dirishani, na vumbi la miaka yote. Nilifagia. Katikati ya ufa nimepata shanga yako, ya buluu. Nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Mama yako aliingia na sufuria mkononi, akasimama. “Ngai! Baba Wangui, umeshikwa na nini? Hiyo kapeti imeenda wapi? Kesho wazee wa watu wanaingia hapa kuomba!”

“Najua.”

“Sasa wageni watakanyaga wapi?”

Nikamwambia watakanyaga sakafu. Akatazama ule ufa kitambo, akatazama uso wangu. Nilidhani atanigombeza. Akaweka sufuria chini, akaupima kwa kidole cha mguu, kama mtu anayejaribu maji. “Na ulikuwa unajivunia hii,” akasema, akaondoka akicheka mpaka kwa shangazi zako.

Kesho asubuhi watakapoingia kukuchukua, utakuwa umesimama pale mbele yao na gauni lako. Utausikia chini ya kiatu, unazama kidogo. Mzee mmoja pengine ataona, atauliza. Nitakuwa karibu nawe, na safari hii nitajibu mimi. Nitasema, nyumba ilikatika, binti yangu aliniambia akiwa mdogo, nikamfukuza aende chumbani kwake.

Baba yako